Kocha Asiyekaa: Kisa cha Larry Brown Kilivyosomwa Nakuru

Barua ya kuomba ukocha wa klabu yetu ya basketboli ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na hiyo nusu yote ilikuwa orodha ya timu. Timu saba kwa miaka tisa: mbili za Nairobi, moja ya Mombasa, chuo kimoja, shule mbili za upili na moja ya ng'ambo ya mpaka, Uganda. Mweka hazina wetu, mzee aliyestaafu reli na anayekumbuka nauli ya kila safari tuliyowahi kwenda, aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Huyu si kocha," akasema, "huyu ni matatu. Anapakia, anashusha, anaondoka."

Tulikuwa watu sita kwenye kibanda cha chai upande wa Section 58, si mbali na uwanja wetu wa saruji, ule wenye ringi moja iliyoinama kwa sababu watoto wa mtaa huining'inia kila Jumapili. Kazi yenyewe haina mshahara wa kuitwa mshahara: nauli, posho kidogo, na chai baada ya mechi. Ubishi hata hivyo ulidumu hadi mwenye kibanda akaanza kukusanya viti, maana kila mmoja pale alikuwa na kidonda chake. Kocha wetu wa mwisho alituaga kwa ujumbe wa simu saa nne usiku, mechi ikiwa kesho yake asubuhi.

Mimi ndiye katibu, na katibu ndiye hutwishwa. Nikaambiwa nitafute kisa cha kocha wa kuhamahama ambaye kumbukumbu zake ziko wazi, tuone mtu wa aina hiyo hufanya nini anapoingia na huacha nini anapotoka. Nikamchukua Larry Brown wa Marekani. Sijaona mwingine aliyehama kiasi chake na bado akashinda kiasi chake. Haya ndiyo niliyowasomea wiki iliyofuata, pamoja na mahali waliponibana.

Mtu wa sentimita 175

Brown alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1940. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samani, mtu wa mji huu leo na mji ule kesho, akafariki ghafla Larry akiwa bado mtoto mdogo. Mzee wa hazina akadakia hapo hapo: "Basi ni damu." Labda. Mimi siyapi uzito sana maelezo ya damu. Nawajua wana wa wachuuzi waliokaa kazi moja hadi pensheni. Kilicho na uzito kwangu ni kimo chake. Katika mchezo wa majitu, yeye alikuwa na sentimita 175 hivi, kwa hiyo ilimbidi acheze kwa kichwa: akawa mwongozaji, yule anayeleta mpira mbele na kuwapanga wenzake.

Chuo Kikuu cha North Carolina alifundishwa na Frank McGuire, kisha Dean Smith. Mwaka 1964 alikwenda Olimpiki ya Tokyo na timu ya Marekani akarudi na dhahabu. Ligi ya ABA ilipoanzishwa 1967 kushindana na NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, aliingia New Orleans, akapitia Oakland, Washington na Virginia, akamalizia Denver. Lakini tazameni vizuri: Oakland ilihamia Washington, na Washington ikahamia Virginia. Hapo si yeye aliyefunga virago, ni timu yenyewe. Mtu akianza kazi mahali ambapo hata klabu haina kwao, sioni ajabu akiuona uhamiaji kuwa jambo la kawaida.

Kuna na ukoo wa ufundishaji. James Naismith aliubuni mchezo huu 1891 huko Springfield, kwa mpira wa soka na vikapu vya mapichi. Baadaye alikwenda Kansas, akamfunza Phog Allen. Allen akamfunza Dean Smith. Smith akamfunza Brown. Kutoka kwa mwanzilishi hadi kwake ni mikono miwili tu katikati. Ndiyo maana Brown akisema mchezo una "njia iliyo sahihi", huzungumza kama mtu anayetetea urithi wa nyumbani: difensi kwanza, pasi ya ziada kabla ya kutupa, kurudi nyuma mbio hata kama umechoka, na nyota kukaa benchi kama yeyote akikosea.

Anavyoingia

Orodha yenyewe naipitia haraka. ABA: Carolina 1972 hadi 1974, kisha Denver, ambayo aliingia nayo NBA 1976 akajiuzulu 1979. Chuo cha UCLA miaka miwili. New Jersey 1981 hadi 1983, akaondoka zikiwa zimebaki mechi 6 za msimu. Chuo cha Kansas 1983 hadi 1988. San Antonio hadi Januari 1992. Clippers ya Los Angeles hadi 1993, Indiana hadi 1997, Philadelphia hadi 2003, Detroit hadi 2005, New York msimu mmoja, Charlotte 2008 hadi Desemba 2010. Chuo cha SMU 2012 hadi 2016. Torino, Italia, miezi michache ya 2018 akiwa na miaka 78. Mwaka 2021, akiwa amepita themanini, akawa msaidizi Memphis. Na kabla ya yote hayo, 1969, alikubali kazi ya chuo cha Davidson akaiacha kabla ya kuongoza hata mechi moja.

"Hiyo ya Davidson," mzee akasema, "iandike kwa wino mwekundu."

Nimeiandika. Sasa zitazameni hesabu za mwaka wa kwanza. Carolina msimu kabla yake: ushindi 35, vipigo 49. Alipofika: 57 kwa 27. Denver kabla yake: 37 kwa 47. Alipofika: 65 kwa 19. New Jersey kabla yake: 24 kwa 58. Alipofika: 44 kwa 38. Clippers aliwachukua katikati ya msimu, wakashinda 23 na kushindwa 12 chini yake, wakaingia mchujo, hatua ya kumtafuta bingwa baada ya msimu, kwa mara ya kwanza tangu 1976, enzi ambazo klabu hiyo ilikuwa bado Buffalo. Indiana mwaka wake wa kwanza ilifika fainali ya kanda ya Mashariki. Kwa jumla ni timu 8 tofauti za NBA alizozipeleka mchujo, ushindi 1,098 kwa vipigo 904, juu yake 229 kwa 107 za ABA. Na ndiye kocha pekee aliyetwaa ubingwa wa vyuo vikuu na ubingwa wa NBA pia.

Huo ndio upande unaowavutia wanaoajiri. Timu iliyochoka humwona mtu huyu kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, hakuridhika. Aliuliza swali ambalo nililitarajia na bado lilinisumbua: je, ni yeye, au ni wachezaji waliofika pamoja naye? Jibu la kweli liko San Antonio, na halimpendezi mtu anayetaka kumsifu kocha peke yake. Msimu wake wa kwanza huko, 1988–89, alishinda mechi 21 akapoteza 61. Larry Brown yule yule, mbinu zile zile. Msimu uliofuata: 56 kwa 26, ongezeko la ushindi 35, wakati huo kubwa kuliko lolote katika NBA. Kilichobadilika? David Robinson, aliyechaguliwa na timu 1987, alimaliza utumishi wake katika jeshi la majini akaripoti kazini. Wakaja pia Terry Cummings na chipukizi Sean Elliott. Kwa hiyo nikamkubalia mwalimu: bila mti, seremala ni mtu aliyeshika msumeno tu. Lakini nilimwomba asubiri, maana San Antonio ina jambo jingine ambalo haliko kwenye jedwali la ushindi.

Waliosimama kando yake

Alipokwenda San Antonio 1988, Brown alimpa kazi ya usaidizi mtu mmoja ambaye hakuna shabiki aliyekuwa akimjua. Alikuwa mwalimu wa timu ya Pomona-Pitzer, vyuo vidogo vya California, na mwaka mmoja nyuma alichukua likizo ya masomo akaja Kansas kumtazama Brown akifanya kazi. Jina lake Gregg Popovich. Kwenye benchi hilo hilo alikuwapo kijana mwingine aliyetoka naye Kansas, R. C. Buford. Brown alifutwa kazi Januari 1992, timu ikiwa na ushindi 21 kwa 17. Popovich alikwenda Golden State, akarudi 1994 kama meneja mkuu, Desemba 1996 akajitwisha ukocha mwenyewe. Mataji ya San Antonio ni 1999, 2003, 2005, 2007 na 2014. Yote chini ya Popovich, na Buford akawa meneja wake.

Brown hana hata moja kati ya hayo. Lakini mwondoe Brown kwenye hadithi hiyo, na sioni njia ambayo mwalimu wa chuo kidogo angefikia benchi la NBA mwaka ule.

Kansas ni hivyo hivyo. Msimu wa 1985–86 alikuwa na msaidizi kijana aitwaye Bill Self, na miaka hiyo hiyo John Calipari alipitia pale. Self alirudi Kansas kama kocha mkuu 2003, akatwaa ubingwa wa vyuo 2008 na 2022. Calipari alitwaa na Kentucky 2012. Mtu anayelaumiwa kwamba hana mizizi ameacha miche kila upande, na ajabu ni kwamba mara nyingi ilizaa baada ya yeye kuondoka.

Hapa nataka kukaa kidogo na Kansas, kwa sababu ndipo mazuri na mabaya yake yanapokaa chumba kimoja. Mwaka 1983 aliajiri msaidizi ambaye wakati huo alikuwa dereva wa lori huko North Carolina: Ed Manning, aliyewahi kumchezea Brown Carolina. Sisi wa Nakuru tunayajua maisha ya lori, Salgaa iko hapo tu. Mtu mwenye maarifa ya mchezo kuondolewa kwenye usukani na kupewa filimbi ni jambo jema. Ila dereva huyo alikuwa na mwana, Danny, mmoja wa wanafunzi waliotafutwa sana nchi nzima, na mwana alimfuata baba, akamalizia shule Kansas kisha akaingia chuo hicho hicho. Watu walinung'unika. Hata kwetu, mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye futi sita na nusu akihama ghafla kabla ya muhula wa kwanza, muhula wa basketboli, halafu tukasikia mzazi amepata kazi langoni, hakuna anayehitaji kuelezwa.

Mwaka 1988 Kansas ilikuwa imepoteza mechi 11, si timu ya kutisha mtu. Ikashinda hadi fainali, ikaifunga Oklahoma 83–79, Danny Manning akiwa na pointi 31 na ribaundi 18, yaani mipira aliyoidaka baada ya mitupo kukosa. Miezi mitatu haikuisha, Brown alikuwa San Antonio. Novemba ikaja hukumu ya chama cha michezo ya vyuo: Kansas ilivunja kanuni kwa kumsaidia mchezaji aliyetaka kuhamia pale, tiketi ya ndege ikiwamo, na haingeruhusiwa kutetea ubingwa wake. Aliyekaa kitini kupokea adhabu hiyo alikuwa Roy Williams, kocha mgeni asiyehusika.

Mzee wa hazina hakuinua sauti hapo. Alichora tu mstari chini ya neno "Novemba" kwenye nakala yake. Na si Kansas peke yake: UCLA ilifutiwa matokeo ya 1980, mwaka alioifikisha fainali, kwa kuwachezesha wasiostahili, na SMU ilifungiwa michuano ya 2016, yeye mwenyewe akisimamishwa mechi 9. Vyuo vitatu, madeni matatu. Anayetaka kuandika sifa za Brown bila kurasa hizo anaandika tangazo.

Mazoezi

Philadelphia ndipo alipokaa muda mrefu kuliko pote katika NBA, misimu sita, na ndipo alipogombana na nyota wake zaidi ya popote. Allen Iverson alikuwa mdogo wa mwili kama yeye, mkaidi kama yeye, lakini alitaka kutupa mpira na hakupenda mazoezi. Msimu wa kwanza pamoja: ushindi 31, vipigo 51. Badala ya kumbadili Iverson, Brown aliwabadili wengine. Alimzungushia watu wa kazi ngumu, Eric Snow, Aaron McKie, George Lynch, na Februari 2001 akaletwa Dikembe Mutombo wa Kongo kulinda kikapu. Iverson atupe apendavyo; waliobaki wazuie, wadake, wampe tena. Msimu huo walishinda 56. Iverson akawa mchezaji bora wa ligi, Mutombo mlinzi bora, McKie mchezaji bora wa akiba, Brown kocha bora. Tuzo nne, chumba kimoja cha kubadilishia nguo.

Fainali walikutana na Lakers wa Los Angeles ambao hawakuwa wamepoteza mechi hata moja ya mchujo huo. Mechi ya kwanza, Los Angeles, Iverson akafunga pointi 48, Philadelphia ikashinda 107–101 katika muda wa ziada. Halafu Lakers wakashinda nne mfululizo. Mwaka uliofuata, Mei 2002, ndipo Iverson alipokaa mbele ya wanahabari akarudia neno "mazoezi" zaidi ya mara ishirini, akishangaa kwamba watu wazima wamekusanyika kuzungumzia mazoezi badala ya mechi.

Vijana wetu huicheka video hiyo. Mimi sicheki tena. Kwa Brown, mechi ni mtihani tu. Kazi yenyewe ni Jumanne saa kumi na moja jioni uwanja ukiwa hauna mtazamaji. Nadhani alikaa Philadelphia miaka sita kwa sababu kulikuwa na mtu ambaye somo halijamwingia. Mahali somo lilipoingia, alianza kutazama dirishani.

Na pale ambapo hapakuwa na Jumanne, alikuwa kocha wa kawaida. Ushahidi ni Olimpiki ya Athens 2004. Alipewa timu iliyokusanywa kwa wiki chache, yenye Tim Duncan na Iverson, pamoja na LeBron James, Dwyane Wade na Carmelo Anthony ambao walikuwa chipukizi na hakuwatumia sana. Puerto Rico iliwafunga 92–73 mechi ya kwanza. Lithuania ikawafunga, Argentina ikawafunga nusu fainali, wakarudi na shaba. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa bingwa wa NBA.

Detroit, misimu miwili

Detroit haikuwa timu mbovu aliyoiokoa, na hilo lisemwe mapema. Rick Carlisle, kocha aliyemtangulia, alikuwa ameshinda mechi 50 misimu miwili mfululizo na kufika fainali ya kanda, akafutwa, Brown akaletwa kwa hatua moja iliyobaki. Wachezaji wake walikuwa kama orodha ya waliokataliwa. Ben Wallace hakuchaguliwa na timu yoyote alipotoka chuo. Chauncey Billups alikuwa amepitia Boston, Toronto, Denver na Minnesota kama mzigo usio na mwenyewe. Rasheed Wallace alifika Februari 2004 na sifa ya kupigiwa filimbi za utovu wa nidhamu. Pamoja nao Richard Hamilton, mtu wa kukimbia bila kuchoka, na Tayshaun Prince mwenye mikono mirefu.

Fainali ya 2004 Lakers walikuja na Shaquille O'Neal, Kobe Bryant, Karl Malone na Gary Payton. Mechi ya tatu, Detroit, Lakers walifunga pointi 68 kwa usiku mzima. Itazameni tena hiyo mechi kama mnaweza, na msimfuate mwenye mpira. Mfuateni Prince akimkabili Bryant: Bryant akimpita, mkono bado uko nyuma yake, na mbele Ben Wallace ameshasogea hatua mbili kabla hajaitwa. Hakuna anayeelekezana kwa kelele. Hiyo hatua mbili ndiyo kitu Brown alichokuwa akifundisha tangu 1972. Detroit ikashinda mfululizo huo 4–1 na Billups akawa mchezaji bora wa fainali.

Mwaka uliofuata walirudi fainali, na mpinzani alikuwa San Antonio ya Popovich. Mwalimu na mwanafunzi, mfululizo 2–2, mechi ya tano, Detroit mbele kwa pointi mbili ndani ya muda wa ziada, sekunde chache zimebaki. Robert Horry anarusha mpira kuingia kwa Manu Ginóbili kwenye kona. Rasheed Wallace anamwacha Horry, anakimbilia kona kumsaidia mwenzake kumfunga Ginóbili. Ginóbili anaurudisha mpira kwa Horry, aliyebaki peke yake nyuma ya mstari wa pointi tatu. 96–95. San Antonio ilitwaa taji katika mechi ya saba. Kosa la kusaidia mahali pasipohitaji msaada, kosa la mtu mwenye bidii, ndilo lililomgharimu kocha wa difensi kuliko wote.

Lakini hata kabla ya fainali hiyo jina lake lilikuwa likitajwa Cleveland, kwamba amezungumza nao kuhusu kazi ya uongozi, na Detroit bado iko kwenye mchujo. Wenye timu walichoka. Julai wakamlipa aende zake. Hapo mwalimu wa hesabu alisema kitu nilichokiandika pembeni: "Shida si kuondoka. Shida ni kuondoka ukiwa bado umekaa."

New York ikampa mkataba wa miaka mitano. Alimaliza mmoja. Ushindi 23, vipigo 59, ugomvi wa hadharani na mchezaji wake Stephon Marbury, na vikosi 42 tofauti vya kuanza mechi kwa msimu wa mechi 82. Hakuna mchezaji anayejifunza hatua zake mbili kama hajui Ijumaa atasimama na nani. Akafutwa, wakapatana dola milioni 18.5.

Kilichobaki

Kamati ilitaka jibu la ndiyo au la, na kisa hakitoi jibu hilo. Baada yake Indiana, chini ya Larry Bird, ilitoka ushindi 39 hadi 58 kwa msimu mmoja. Detroit ilishinda 64 chini ya Flip Saunders kwa wachezaji watano wale wale, kisha ikaendelea kufika fainali za kanda hadi 2008. Clippers, kwa upande mwingine, walishuka hadi ushindi 27 alipoondoka. Philadelphia wakashuka kutoka 48 hadi 33. Ukizipanga hizo nne mezani, sababu za kila moja ni zake: Indiana ilikuwa na Reggie Miller na uongozi uliotulia, Clippers hawakuwa na kimoja wala kingine.

Ninachokiona mimi ni kwamba sisi tulikuwa tukiuliza atakaa muda gani. Kisa cha Brown kinaniambia nitazame ni nani atakuwa amesimama kando yake siku zote atakazokuwepo. New York hakubaki mtu. San Antonio walibaki wawili, wakajenga nyumba.

Binti mdogo kuliko sote katika kamati, anayecheza kama mwongozaji wa timu yetu ya wanawake na sasa anauguza goti, alikuwa kimya jioni nzima. Akaniuliza: "Katibu, na yule Mwaustralia?" Alimaanisha Liz Mills, aliyewanoa Morans, timu ya taifa ya wanaume. Februari 2021, Yaoundé, Kenya iliifunga Angola 74–73 kwa mtupo wa mwisho wa Tylor Ongwae, tukarudi AfroBasket, michuano ya ubingwa wa Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Kigali tukaifunga Mali, tukatolewa na Sudan Kusini kwa pointi mbili, 60–58. Alikuja akiwa ameshafanya kazi Zambia na Kameruni, na mwaka uliofuata alikuwa Moroko. "Kuna mtu hapa ana hasira naye?" Hakuna aliyejibu. Mzee wa hazina alikunywa chai iliyokwisha poa.

Tulimpa mwombaji wetu miezi tisa, na sharti moja la maandishi: vijana wetu wawili wasimame naye kila mazoezi, mmoja ashike daftari, na daftari ni mali ya klabu. Alikubali kwa simu bila kubishana, jambo ambalo mzee aliliona la kutiliwa shaka.

Jumanne ya kwanza alikuja na kipande cha chaki. Akachora nyayo kwenye saruji, kulia, kushoto, kulia, akawapanga vijana foleni, wakazikanyaga huku mipira yote ikiwa ndani ya wavu kando ya ringi iliyoinama. Wakakanyaga tena. Kuna aliyelalamika kwamba hii ni ngoma, si basketboli. Taa za barabarani zikawaka. Mzee, aliyekuja kuhakikisha posho haitolewi bure, alimwendea binti mwenye goti akamwambia amsomee alichoandika hadi hapo.

"Dakika arobaini, hakuna kutupa," binti akasoma.

"Sawa. Juu yake andika saa aliyofika."